Pua ya Mtaa

Marakeshi, Darb Sqaya
Jumanne, baada ya adhuhuri

Kwa ndugu yangu Mfadal, muuza nyama, aliyeko kwa binti yake Asfi,

Assalamu alaikum, wewe na Shama na mumewe na wale wajukuu ambao kila mara unanitajia majina yao nami kila mara nayasahau. Vipi magoti? Vipi kifua, na hiyo hewa ya bahari inakukubali wewe uliyelelewa na vumbi? Nasikia Shama anakulisha samaki asubuhi na jioni. Jihadhari usije ukaanza kulala macho wazi. Sisi huku hatujambo, kwa kiasi cha hatujambo ya watu wa umri wetu: Izza wangu anauguza mgongo wake, na mimi namuuguza Izza. Yule paka wako wa kijivu bado analala mlangoni mwa bucha, na kila anayeingia anamtazama kama hakimu aliyeamshwa usingizini.

Nakuandikia nikiwa mtu huru. Nimeacha kazi, Mfadal. Jumamosi nilipanda ngazi kutoka shimo la tanuri la kuchemshia maji ya kuoga, nikaingia ukumbini pale Haji Tuhami anapokaa kwenye mto wake kama bata aliyeatamia, na mbele ya watu waliojifunga mataulo nikalitupa beleshi miguuni pake. Likalia mpaka ndani ya chumba cha maji ya moto. Nikamwambia, hamamu ni yako, chochea mwenyewe. Mzee mmoja akapiga makofi. Nikatoka kichwa juu, wala sikugeuka.

Basi usimsomee Shama hapo, maana ni uongo mtupu. Beleshi lipo hapa nimeliegemeza ukutani, na barua hii naiandika nikiwa nimekaa juu ya gunia la makapi ya zeituni, shimoni, palepale nilipo tangu miaka thelathini na mitatu. Ngazi nilizipanda kweli. Lakini nilipofika juu, Haji alinipa andazi la lozi, nikala, nikafuta midomo, nikashuka. Nimekuambia mapema ili ujue unasoma barua ya mtu wa namna gani.

Najua hukutarajia mwandiko wangu, mwandiko wenyewe huu wa mtu aliyetoroka chuoni kabla ya kufika nusu ya msahafu. Miezi miwili na nusu tangu uondoke, na hukuniaga. Nilikuwa humuhumu chini siku ile, nikasikia wakipakia kile kigogo chako cha kukatia nyama kwenye gari, wanne wakihema na wa tano akitoa amri. Ningeweza kupanda ngazi nikasaidia. Sikupanda. Nisome hata hivyo. Ijumaa hii inayokuja lazima nijue kama nabaki kwenye kazi hii au naiacha, na siwezi kuamua kabla wewe hujajua unachostahili kujua.

Nianze na habari ambayo pengine imeshakufikia, ujiandae tumbo. Bucha yako amepewa Zuheri, mpwa wa Haji. Yule yule aliyeuza simu, kisha akauza miwani, kisha akauza sungura. Sasa anauza nyama. Anavaa glavu za bluu kama daktari wa meno na anakata muundi wa ndama kama mtu anayefungua barua ya mahakama. Amepaka kuta rangi ya waridi, Mfadal. Nyama imening'inia kwenye ukuta wa waridi. Nikipita nageuza uso, na mimi si mtu wa kuchukizwa ovyo, nimeishi na jivu na masizi na maji machafu ya watu elfu.

Lakini watu hawanunui. Wanasimama, wanatazama, wanapita. Tangu Ijumaa ile wameingiwa na hofu ya nyama, na mafundi ngozi hawajaleta hata chungu kimoja cha tanjia. Hapo ndipo Haji aliponiita na kunipa shauri lake. Anataka kila Ijumaa asubuhi nikae kwenye kiti mbele ya bucha ya Zuheri, nimevaa vizuri, na kila kipande kinachouzwa nikinuse mbele ya watu kabla hakijaingia chunguni. Nikitikisa kichwa hivi, kinauzwa. Nikitikisa vile, kinarudi. Kiti chenyewe kimeshanunuliwa, kina mito. Akaniambia, "Ba Bujemaa, mtaa huu hauamini macho yake tena, unaamini pua yako." Kisha akanibusu utosini, na alikuwa ametoka kula maandazi, akaniachia mafuta kichwani. Nilijipangusa mpaka ngozi ikawasha, na bado nayahisi.

Kiti kinaanza Ijumaa hii. Mafundi ngozi wamekubali kurudi, vyungu ishirini na viwili, kwa sharti kwamba pua ya Bujemaa ipite kwanza. Amini wao, mkuu wa chama chao, amekuja mwenyewe kunishika mkono.

Niiseme sasa Ijumaa yenyewe. Wewe unaijua, lakini unaijua kutoka upande wako wa ukuta.

Chungu cha tanjia kinapita mikono miwili tu. Wewe unakijaza: muundi, vitunguu saumu, malimau ya chumvi, bizari nyembamba, zafarani, ile samli kongwe, unakifunga karatasi mdomoni na uzi, unatoboa matundu mawili. Mimi nakizika kwenye jivu la moto na kukitoa kikiiva. Hakuna wa tatu. Mkewe mtu hagusi, mwenyewe hagusi mpaka kiwe mezani. Kwa hiyo tanjia ikiharibika, ni wewe au ni mimi. Hata punda analijua hilo, na ndiyo maana sisi wawili tumekuwa marafiki miaka yote hii, kila mmoja amemkalia mwenzake mfukoni.

Ijumaa ile mafundi ngozi walikuwa na matembezi yao ya mwaka kwenye bustani. Vyungu kumi na tisa. Vimeletwa baada ya alfajiri na mvua inanyesha, na vimetoka baada ya sala ya Ijumaa. Walipofungua huko bustanini, kama walivyoniambia baadaye, harufu ilipanda kama mtu amechoma kiatu chenye mguu ndani. Wenye akili wakaacha. Wenye njaa wakasema ni limau limezidi chumvi, wakala. Watu kumi na mmoja wakaanguka kabla ya alasiri, wanatapika kwenye mifereji ya michungwa, na Fundi Hmida, mshona hatamu, yeye alikuwa na meno machache akameza bila kutafuna sana, akatapika damu. Siku kumi na mbili hospitali. Nimemwona wiki iliyopita amekaa mlangoni kwake. Amebaki kama joho lililotundikwa msumarini. Anakunywa supu tu, na hata supu anaigombeza. Mkono wa kushonea unatetemeka. Aliponiona alisema, "Bujemaa, afadhali wewe uliisema kweli, wengine wangeficha." Nikaenda nyuma ya ukuta wa msikiti nikatapika mwenyewe, na sikuwa nimekula kitu.

Kweli niliyoisema ni ile ya Jumamosi. Hukuwepo, ulikuwa mlangoni hospitali na chupa ya chai ya kumpelekea Hmida. Tulikusanyika uani mwa hamamu: Haji, amini wa mafundi, wazee, na nusu ya mtaa juu ya mapaa. Chungu kimoja kilikuwa kimebaki hakijaguswa. Amini akakileta kama anabeba jeneza la mtoto, akakiweka mbele yangu. Akasema, "Ni mikono miwili, na mmoja ni wako. Lakini wewe hujawahi kutudanganya kwa pua hiyo. Nusa." Unajua nilivyo nikitazamwa. Nikakunja mikono ya nguo. Nikafumba macho. Nikavuta mara tatu, ya tatu ndefu, mpaka mwanamke mmoja juu ya paa akasema Allahu akbar. Kisha nikasema, nyama. Ilikuwa imelala.

Maneno matatu. Walipokuja kukuambia hospitali, waliniletea na jibu lako, na jibu hilo limenikaa kooni tangu siku ile kama mfupa wa samaki wako wa Asfi. Hukubisha. Hukuapa. Walisema uliitazama mikono yako pande zote mbili, ukasema, "Kama pua ya Bujemaa imesema, basi imesema."

Mpwa wa Izza alipita Asfi mwezi uliopita akakuona. Anasema hutaki kugusa nyama. Anasema unanusa vidole vyako ukiwa peke yako.

Tangu hapo mimi nimekuwa mtu mkubwa, Mfadal, nakuapia hakuna kitu kinachotia kinyaa kama kuwa mtu mkubwa. Wananiletea vitu. Bi Fulani ameniletea mtungi wa samli ninuse kama imefika. Nikamwambia siku tatu bado, akanishukuru. Mwingine ameleta tikiti. Mwingine kaleta kuskusi ya mama mkwe wake, anataka nitoe hukumu. Kijana wa kinyozi kaniletea kanzu ya mchumba wake ninuse kama kuna manukato ya kiume, nikamfukuza na beleshi. Naketi hapa chini, nanusa, nafumba macho, nasema neno, wanaondoka na furaha. Baada ya kila mmoja natema mate kwenye moto.

Nikaanza kuuliza watu, si waziwazi, unanijua. Nikaenda kwa Busalham kinyozi, nikamwuliza, hivi kinyozi akimkata mteja sikio, aache kazi au abaki? Akaendelea kunoa wembe, akasema, "Inategemea mteja alikuwa anajitazama kwenye kioo au amesinzia." Nikamwambia alisinzia. Akasema, "Basi mpake dawa, mwambie ni chunusi." Mtaa mzima umejengwa na watu kama Busalham, na mimi ndiye fundi mkuu wao.

Nikaenda kwa fakihi. Nikampa swali la sala ili asinishtukie: imamu anasalisha, katika rakaa ya tatu anakumbuka hana udhu. Aendelee asiwavuruge watu, au aache? Fakihi akafurahi, hajaulizwa kitu cha maana tangu Ramadhani. Akasema aache papo hapo, haifai kuendelea hata sijida moja. Lakini kwa kuwa ni aibu, ashike pua yake atoke, watu wadhani imemtoka damu. Kisha mwingine atasogea mbele, na sala itaendelea.

Nikatoka pale nacheka peke yangu kama mwehu. Ashike pua atoke. Njia yenyewe nilikuwa nimeshaifikiria: kumwambia Haji kwamba moshi umenila kifua, mzee nimechoka, tafuta mwingine. Wangenifanyia karamu. Haji angetoa hotuba na machozi mawili, moja kila jicho, anayahifadhi kwa kazi hiyo. Ningekwenda nyumbani na blanketi jipya. Na wewe ungebaki Asfi unanusa vidole.

Kwa hiyo njia zilikuwa mbili, na zote mbili zinanuka. Nibaki, nikalie kiti chenye mito, nimbariki Zuheri na ukuta wake wa waridi. Au niondoke kimya na heshima zangu. Izza ndiye aliyenipasulia jipu. Nilimwambia habari ya kiti, nikitegemea atafurahi, ni mwanamke, anapenda mito. Alikuwa anakanda unga, hakunyanyua kichwa. Akasema, "Utanusa na nini?"

Nikajimiminia chai.

"Miaka minne sasa kila Jumatatu nakuunguzia mkate makusudi," akasema. "Nakuwekea mweusi kama kisigino chako. Nawe unaupeleka puani unasema mashaallah, mkate wa Izza hauna mfano. Nilikuwa nangoja siku utakayoniambia mwenyewe. Nimechoka kula mkate mbovu nikikungoja."

Hiyo ndiyo habari, ndugu yangu. Sina pua. Sikuwa nayo Jumamosi ile wala Ijumaa yake. Ule mwaka wa kufungiwa majumbani, hamamu zilipofungwa na moto ukazimwa, ile homa ilinilaza wiki mbili, na nilipoamka dunia ilikuwa kama maji yaliyochemshwa. Samli, mavi ya punda, waridi, Izza, vyote sawa. Nikangoja irudi. Haikurudi. Moto ulipowashwa tena, watu wakaja na vyungu vyao wakisema Ba Bujemaa, tunaiamini pua yako. Ningesema nini? Mchochea tanuri asiye na pua ni kama kadhi asiye na masikio. Nikajifunza ujanja. Nikitikisa chungu nasikia mfupa unagonga au hauchezi. Natazama doa la mafuta kwenye karatasi limefika wapi. Nasikiliza adhana. Kisha naweka pua karibu, nafumba macho, nawapa tamasha lao. Miaka minne hakuna aliyelalamika, ndiyo aibu kubwa zaidi: pengine hata zamani haikuwa pua.

Usinisamehe bado. Kama ingekuwa pua tu, ningekuwa mgonjwa, si mwovu.

Unakumbuka yale magunia ya soli za viatu, mabaki ya karakana ya binamu yake Haji, mpira na gundi, yaliyofanya nguo za wanawake kwenye mapaa ziwe nyeusi? Mtaa wote unamlaani Haji kwa magunia yale, nami nimewaacha wamlaani. Lakini Haji aliniambia niyatupe. Aliniambia waziwazi, tangu kiangazi, mbele ya Izza. Niliyatupa, nikabakisha matatu nyuma ya ukuta wa kuni, kwa sababu beleshi moja la soli linawaka kuliko mabeleshi kumi ya makapi, na mgongo wangu umezeeka, nami napenda kuketi. Ijumaa ile mvua ilikuwa imelowesha makapi. Maji yakawa vuguvugu. Watu wa Ijumaa wanagonga ukuta na ndoo, wananitukania mama, mmoja anasema anaoga mate. Nikafungua gunia la kwanza. Likawaka vizuri, wakaacha kugonga, nikafurahi. Nikafungua la pili. La tatu nusu. Mvua ilikuwa imelikandamiza bomba la moshi, moshi ukarudi chini badala ya kupanda, ukajaa shimo lote, nami nimekaa ndani yake kama mtu aliyekaa kwenye ukungu, nakohoa, nakunywa chai. Na jivu lile, Mfadal, ndilo nililofunikia vyungu kumi na tisa.

Nilipovitoa, karatasi ya chungu kimoja ilikuwa na tone jeusi, zito, kama lami. Nikalitazama. Pua sikuwa nayo lakini macho ninayo, ya mbali na ya karibu. Nikalifuta kwa ncha ya kanzu. Nikatazama kingine, kina tone. Nikafuta. Nilifuta vyote kumi na tisa, kimoja kimoja, kwa uangalifu ambao sijawahi kuutia kwenye kazi yangu maisha yangu yote. Nikasema moyoni, ni ya juu tu. Nikavikabidhi.

Na Haji anajua. Jioni ile alishuka shimoni, jambo ambalo hafanyi, anaogopa viatu vyake. Akaona gunia la tatu limebaki nusu. Akalisukuma kwa ncha ya kiatu likaingia tanuri, akangoja liwake. Yeye pua anayo, alikuwa ameiziba na kitambaa. Akaniambia, "Mimi sijaona kitu. Kesho wewe utanusa nyama. Tumeelewana?" Nikasema ndiyo, Haji. Sikufikiria hata kidogo. Ndiyo, Haji, kama mtu anayeulizwa anataka sukari. Wiki hiyohiyo Zuheri akaanza kupima kuta za bucha yako.

Nyama yako ilikuwa safi, Mfadal. Ilikuwa safi Ijumaa ile, na Ijumaa zote kabla ya ile. Mikono yako haina kitu. Acha kuinusa.

Nimeamua hivi. Ijumaa nitakwenda kwenye kiti chao. Nitakaa, mito na kila kitu, ningoje mafundi ngozi wafike wote, na Fundi Hmida nimeshamwomba mwanawe amlete hata kwa mkokoteni. Zuheri ataninyooshea kipande cha kwanza. Nitamwomba amini alete kiatu chochote kichomwe mkaani chini ya pua yangu, nimefumba macho, niulizwe ni nini. Nitashindwa mbele yao wote. Kisha nitawasimulia magunia, na matone, na maneno ya Haji, kama nilivyokusimulia hapa, bila kupunguza. Wana wa Hmida wana viganja vikubwa, nawajua, nimewaogesha wakiwa wadogo. Lolote watakalofanya, watafanya.

Kisha nitaacha kazi. Mafundi wakinisamehe, nitaacha. Haji akinifukuza kwanza, nitaacha vilevile, ili isihesabiwe kuwa ni yeye. Mtu aliyefuta matone yale hafai kukabidhiwa hata birika. Beleshi sitalitupa miguuni pa Haji, ule ulikuwa mchezo wa kuigiza kichwani mwangu, na nimechoshwa na maigizo. Nitaliegemeza kwenye mlango wa bucha yako, karibu na yule paka, anayemtaka alichukue. Na kama wazee watakuandikia urudi, usirudi kwa sababu yangu. Rudi kwa sababu ule ukuta wa waridi hauvumiliki.

Sijui kama utanijibu. Mimi ningekuwa wewe, ningeichukua barua hii nikafungia samaki. Lakini nilitaka uisikie kabla yao, si pamoja nao.

Izza anakusalimu, na anasema kuanzia Jumatatu mkate ni mzuri. Mpe Shama mkono wangu, na wale wajukuu, yule mkubwa na yule mwenye sauti. Mwenyezi Mungu akulinde magoti.

Kuna jambo moja dogo, na hili ni haki yangu. Siku ya harusi ya Shama ulirukiwa na damu ya kondoo, nikakuazima jelaba yangu nyeupe ya sufi, ile yenye kofia, ukasema utairudisha kesho yake. Mwaka wa nane huu. Nguo zangu zote nyingine Izza anasema zinanuka mpira, na Ijumaa sitaki kusimama mbele ya Hmida nikinuka hivyo. Barua hii anakuletea Salhi wa basi la Asfi, naye anarudi Alhamisi, mpe aniletee. Uifue au usiifue, ni juu yako. Ila kabla hujaikunja, ivute puani mara moja, vizuri, kisha uniandikie kwenye kikaratasi inanuka nini. Nitakuamini.

Bujemaa